Kitufe Kilichofyatuka Ni Shahidi

Mhadhara kwa mafundi, wanafunzi wa ufundi na wakazi wa Jiji la Tanga

 

 Mwenyekiti alipoona kichwa cha mada yangu alinipigia simu kuhakikisha kwamba sijakosea. Wenzangu waliotangulia kusimama hapa walizungumzia bandari na mkonge, mimi naja na dispensa ya maji. Nilimjibu kwamba shamba la mkonge wengi wetu hatuna, ila dispensa iko sebuleni, na ikigoma saa kumi alfajiri watu wakiwa kwenye daku, hakuna atakayeuliza habari za bandari.

Kusudi langu ni moja. Nataka tufuatane hatua kwa hatua, kuanzia pale koki nyekundu inapotoa maji ya baridi mpaka tumjue mkosaji. Njiani nitatetea dai ambalo mafundi wenzangu baadhi wamekwisha kulipinga pale mlangoni: kile kitufe kidogo kilichoko nyuma ya tangi la maji moto ni shahidi. Anayekibonyeza na kuondoka amemfukuza shahidi mahakamani kabla hajatoa ushahidi.

Tuelewane kwanza tunazungumzia chombo gani. Ni ile iliyosimama kwenye kona, dumu kichwani, koki mbili au tatu kifuani, na chini kabati, ambalo kwa nyingine ni friji ndogo ya kuwekea soda na maziwa. Ndiyo maana nyumba nyingine wanaiita friji ya maji. Humo ndani kuna upande unaopoza na upande unaochemsha, na kila upande una swichi yake kwa nyuma: ya kijani ni ya baridi, nyekundu ni ya moto. Marekani wanazo friji kubwa zenye bomba la maji moto mlangoni. Hizo leo nitaziacha. Hata huko, mwenye kuchemsha ni hita na mwenye kuichunga hita ni thamostati.

Sasa niwasimulie aibu yangu, maana hoja zote zimetokana nayo.

Dada yangu alihamia Makorora mwaka juzi, siku chache kabla ya Ramadhani. Dispensa yake ilimwagwa maji yote, ikapakiwa kwenye guta, ikafikishwa salama. Jioni ile shemeji akaweka dumu jipya, akachomeka plagi, akawasha swichi zote mbili. Baridi ikapatikana. Moto, hakuna. Akaitwa fundi, akaitazama kwa mbele, akaigonga mara mbili ubavuni, akasema, "Elementi imeungua hii. Elfu arobaini na tano." Dada akanipigia: "Kaka, wewe si ndiye mwalimu wa umeme? Njoo uniambie kama naibiwa."

Nikaenda. Nikachomoa plagi, nikafungua bati la nyuma, nikakiona kitufe. Kina ukubwa wa punje ya dengu, kimekaa katikati ya kidude cha duara kilichobanwa kwenye tangi. Nikakibonyeza. Tik! Nikafunga bati, nikachomeka, na baada ya dakika kumi tukanywa chai. Nikasifiwa sana. Nikaletewa tambi za nazi, na yule fundi akasemwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya hadhira hii.

Wiki mbili baadaye maji yakapoa tena. Nikaenda, tik, tambi. Siku nne tu zikapita, yakapoa mara ya tatu. Safari hiyo dada hakuniletea tambi. Alisema tu, "Na ile ngurumo yake usiku, ndiyo kawaida?" Ngurumo gani? "Inanguruma kama birika lililosahauliwa jikoni. Ukifungua koki, mvuke kwanza, maji baadaye." Alikuwa akiisikia kila siku, na mimi mwalimu sikuwahi kumuuliza swali hata moja.

Hoja yangu ya kwanza inatoka hapo. Uliza kabla ya kufungua.

"Maji moto hayatoki" ni sentensi moja yenye magonjwa matatu. Pengine koki ya moto haitoi kitu kabisa. Pengine inatoa maji, lakini ni baridi. Au inatoa maji ya uvuguvugu. La kwanza ni tatizo la maji, la pili mara nyingi ni la umeme, na la tatu laweza lisiwe tatizo hata kidogo. Tangi la moto la dispensa nyingi linabeba kama lita moja tu. Kikombe cha chai ni mililita 200, kwa hiyo ni vikombe vitano. Mgeni wa sita atapata uvuguvugu, na hapo hakuna kilichoharibika ila hesabu ya mwenyeji. (Naona mama mmoja pale nyuma anamgusa mumewe. Nimekuona, mama.)

Uliza pia juu ya wakati. Maji yanachelewa kuchemka saa zote, au jioni tu? Chukueni hita ya wati 500, umeme wa volti 230, na maji ya kwetu ya nyuzi 28. Kuifikisha lita moja ya maji hayo nyuzi 90 kunahitaji muda usiofika dakika 9, tukiacha joto linalopotea. Sasa majirani wote wawashe pasi na majiko, volti zishuke hadi 180. Nguvu ya hita haipungui kwa kadiri ile ile, inafuata mraba wa volti. Wati 500 zinabaki 306, na dakika 9 zinakuwa 14. Mteja anaapa kwamba dispensa imezeeka, na wewe ukienda saa nne asubuhi unaikuta nzima. Unabadilisha hita nzima kwa hita nyingine nzima, unalipwa, na jioni tatizo liko pale pale.

Hoja ya pili: anza na maji, umeme ufuate.

Wanafunzi wangu hukimbilia malitimita kwa sababu ina skrini. Ngojeni. Kwenye dispensa ya dumu juu, maji yanateremka kwa uzito wake tu, hakuna pampu. Yanapita chombo cha juu, yanafuata mpira hadi chini ya tangi la moto, na yaliyokwisha kupata moto yanasukumwa yatokee kwa juu yaende kwenye koki. Tangi likiwa tupu, hewa imekaa ndani na maji hayawezi kuingia mpaka hewa hiyo ipate pa kutokea. Kwa hiyo, kila mashine iliyohamishwa, iliyooshwa au iliyokaa bila dumu, fungua koki nyekundu kwanza uache itoe mapovu, ikohoe, mpaka maji yatiririke mfululizo. Hapo ndipo uguse swichi nyekundu. Shemeji yangu aliigusa kabla. Hita ikachemsha hewa.

Mengine ya upande wa maji nitayapitia haraka. Koki nyekundu ina kizuizi cha watoto. Lazima ubonyeze na kuvuta kwa pamoja, na kikivunjika koki inaonekana imeziba kumbe haijafunguka. Mpira wa ndani unaweza kukunjika ulipoisukuma mashine ukutani. Na kuna nyumba nilikokuta kipande cha stika ya kifuniko cha dumu kimelala juu ya tundu la kuteremkia maji. Kukitoa ilichukua dakika moja. Kukitafuta ilichukua saa nzima, na nilikuwa nimekwisha kuifungua mashine yote.

Hoja ya tatu ni umeme, na hapa nitakaa kidogo.

Chomoa plagi. Si kuzima swichi ya ukutani, chomoa. Kisha subiri, kwa sababu lita moja ya maji ya nyuzi 90 iliyofunikwa sufi ya kuzuia joto haipoi kwa kuisemesha. Kuna kizibo nyuma, chini, cha kumwagia maji ya tangi. Nimeona mtu akikifungua akiwa amechuchumaa mbele yake. Alama ya ule moto bado anayo pajani.

Njia ya umeme ndani ya upande wa moto ni fupi: plagi na fyuzi yake, swichi nyekundu, halafu vidude viwili vya duara vilivyobanwa kwenye tangi, halafu hita, kisha unarudi. Vidude vile viwili vinafanana kama Kulwa na Doto, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kimoja ni thamostati ya kazi. Maji yakifika joto lililopangwa inakata, yakipoa inaunga yenyewe, mara nyingi kwa siku. Cha pili ni mlinzi. Anakaa kimya miaka na miaka. Tangi likipita mpaka, anakata, na haungi tena mpaka mtu aje kumbonyeza. Ndiye mwenye kitufe. Vyote viwili huwa vimechapwa namba mgongoni, mara nyingi herufi KSD zikifuatiwa na tarakimu, volti, ampea, na joto la kukatia. Soma namba hizo. Usinunue "ya dispensa" dukani kwa kuonyesha ukubwa kwa vidole.

Ndani ya kila kimoja kuna kibati cha duara cha metali mbili zilizogandamana, moja inatanuka zaidi ya mwenzake ikipata joto. Kibati kinajikunja polepole, kisha ghafla kinageuka upande wa pili, kama kifuniko cha mkebe unachokibonyeza kikalia. Wazo la kuunganisha metali mbili namna hiyo ni la John Harrison, fundi saa wa Uingereza wa karne ya 18, aliyekuwa akitafuta saa ambayo joto la baharini halitaipotosha, ili mabaharia wajue walipo. Sisi watu wa bandari tulistahili kumjua mapema, lakini tuendelee.

Sasa shika malitimita, weka kwenye omu. Pima thamostati ya kazi ikiwa ya baridi: inapaswa kuwa imeunga, karibu sifuri. Pima mlinzi: vivyo hivyo. Kama hasomi kitu, amefyatuka. Pima hita. Kwa ile ya wati 500 utapata omu 106 hivi, kwa sababu 230 mara 230 ni 52,900, ukigawa kwa 500 unapata 105.8. Hita ya wati 420 itasoma kama 126. Mita isiposoma kabisa, hita imekatika na ni halali kuibadilisha. Mwisho, ncha moja kwenye hita na nyingine kwenye bati la tangi: isisome kitu. Ikisoma, ganda la hita limepasuka na umeme unavuja kwenye maji. Hiyo ndiyo dispensa inayomtetemesha mtu anapogusa koki, au inayoangusha breka ya kuvuja kila ikichomekwa. Nyumba isiyo na waya wa athi haitapata hata onyo hilo la breka kuanguka mapema. Mwili wa mtu ndio utakaokuwa waya.

Kwa wasio na mita, taa husaidia. Kwenye mashine nyingi taa ya kuchemsha imeungwa sambamba na hita. Taa inawaka na maji ni baridi muda mrefu: umeme unafika, shuku hita. Taa haiwaki na maji ni baridi: njia imekatika kabla, shuku mlinzi, thamostati au swichi. Si mashine zote zilizoungwa hivyo, basi msiniletee ugomvi kesho.

Tumrudie dada. Safari ya tatu nilipima. Hita ilisoma vizuri. Mlinzi amefyatuka, kama kawaida yake. Thamostati ya kazi ilisoma sifuri, nikafurahi, kisha nikajiuliza: itakata lini? Nikaitoa, nikaiweka kwenye kisahani cha bati juu ya jiko la mkaa, ncha za mita zikiwa mbali na moto. Ikapata joto hata haishikiki. Haikukata. Vigusio vyake vilikuwa vimegandana. Pengine vilianza kuharibika siku ile hita ilipochemsha hewa, pengine kabla. Tangu hapo hakuna aliyekuwa akiizima hita. Ilichemsha, ikachemsha, ikanguruma, ikatoa mvuke, mpaka mlinzi akasema basi. Na mimi nikaja mara mbili kumwamsha mlinzi na kumrudisha kwenye moto ule ule.

Nasikia swali ambalo mafundi wenzangu mnalishikilia: kwa nini tusimuunge dairekti huyo mlinzi, maana ndiye anayesumbua? Nimeziona nyingi, waya mbili zimesokotwa na kufungwa selotepu. Fikirieni nyumba ya dada yangu iliyo na thamostati iliyoganda na mlinzi aliyeungwa dairekti. Hakuna mlinzi wa joto aliyebaki kati ya hita na ukuta. Siku dumu limeisha usiku, maji ya tangi yakachemka mpaka yakaisha, kitakachokata umeme ni plastiki ikianza kuyeyuka. Kidude chenyewe dukani ni cha bei ndogo. Fundi anayeunga dairekti ameokoa pesa hiyo, na mimi nasema wazi kwamba kazi hiyo ni mbaya, hata kama aliyeifanya ni rafiki yangu. Na wawili wako humu ndani.

Hoja ya nne ni chokaa, na hii ni ya Tanga hasa.

Nani hajafika Mapango ya Amboni? Mnayajua yale mawe yanayoning'inia darini. Maji ya mvua yanashuka na hewa ya ukaa, yanayeyusha mawe ya chokaa, yanaibeba. Yakifika mahali hewa ile inapoyatoka, chokaa inaganda tena, tone baada ya tone, kwa maelfu ya miaka. Tangi la dispensa linafanya kazi hiyo hiyo kwa miezi, kwa sababu moto unaifukuza hewa ya ukaa haraka. Dumu la maji ya kiwandani halina chokaa nyingi. Lakini wengi wetu dumu la kiwandani tulilinunua mara moja. Tangu hapo tunajaza ya kisima yaliyochemshwa. Hatuna kosa, pesa ndizo zinazoamua. Ila ukoko mweupe unajenga juu ya hita, na ukoko huo ni blanketi. Hita inaungua ndani ya blanketi lake, maji yanachelewa, na ukitikisa tangi lililomwagwa unasikia changarawe.

Dawa yake iko jikoni. Zima nyekundu, chomoa, acha ipoe. Mwaga tangi kwa kizibo cha nyuma. Changanya vijiko viwili vikubwa vya unga wa asidi ya limau, ule wa kutengenezea juisi, kwenye lita moja ya maji, ujaze tangi mpaka koki nyekundu itoe. Acha saa moja. Mwaga, utaona maji ya rangi ya uji. Suuza mara tatu, onja. Siki nayo inafaa, ila chai itanukia kachumbari siku mbili. Usichanganye kamwe asidi hiyo wala siki na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, gesi yake inaua.

Nidokeze jambo la ndugu zetu wa milimani. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huko huchemka karibu nyuzi 95. Ukimpelekea shangazi dispensa yenye thamostati ya kukatia nyuzi 95, inaweza isifike pa kukatia kwa raha. Itatokota mchana kutwa na bili itapanda. Huko tafuta ya 88 au jirani yake.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu naona unakwisha, na mwadhini yuko karibu. Niseme tunakokwenda.

Kuanzia Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi karakana yetu itakuwa wazi kwa wakazi. Leteni dispensa zilizogoma. Zimwageni nyumbani, tafadhali; mwezi uliopita mtu alileta yake kwenye bajaji ikiwa imejaa. Wanafunzi wa mwaka wa pili watapima mbele ya mwenyewe, na kila mashine itaandikwa kwenye daftari: mwenyewe alilalamika nini, mashine ilikuwa ikitoa sauti gani, maji ni ya dumu la kiwandani au ya kisima, mlinzi alikuwa amefyatuka au la, namba zipi zimechapwa, na mkosaji alikuwa nani. Hatuna daftari la namna hiyo hapa mjini. Mwakani, muda kama huu, nitaomba tena nafasi hii, na atakayesimama kulisoma atakuwa mwanafunzi.

Kuna ombi pia kwa wafanyabiashara walio humu mnaoleta mashine hizi: karatasi ya Kiswahili ibandikwe nyuma, karibu na swichi nyekundu, maneno yasiyozidi kumi. Fungua koki ya moto kwanza, maji yakitoka ndipo uwashe. Nimeyahesabu, yanatosha.

Dispensa ya dada yangu nayo italetwa Jumamosi. Imeanza tena kuchelewa, sasa jioni na asubuhi, na nadhani ni chokaa. Lakini amenikataza nisitie mkono mpaka wanafunzi wamalize kumuuliza maswali yao yote.